Kubadilisha vishikio vya madirisha katika nyumba za pwani ya kusini

Kishikio cha dirisha kikivunjika Shangani ya Mtwara au Mikindani, wengi hukimbilia dukani kununua kinachofanana nacho, wanakifunga jioni ileile, na kabla kusi ya mwaka unaofuata haijatulia wanarudi dukani tena. Kazi yenyewe si ngumu. Mtu mwenye bisibisi bapa, bisibisi nyota, tepu ya kupimia na subira ya asubuhi moja anaiweza. Kinachowarudisha watu nyuma ni kubadilisha kishikio bila kujua kilichokiua cha kwanza. Usipolijua hilo, kipya nacho kitakufa vilevile, kwa hiyo hatua ya pili hapa chini nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine.

Hatua ya 1: Tambua aina ya dirisha

Nyumba nyingi za zamani mjini Lindi na Mtwara zina madirisha ya chuma: fremu nyembamba, kioo kilichoshikwa kwa pati, na kishikio chenye ulimi unaokamata kwenye fremu. Ya mbao hutumia komeo au kishikio cha ulimi vilevile. Nyumba mpya nyingi ni aluminiamu, na hapo tofautisha mambo mawili. Dirisha la kusukuma lina loki ya kubonyeza iliyozama kwenye aluminiamu, au loki ya nusu mwezi inayozunguka na kukamata bawa la pili. Dirisha la kufungukia nje lina kishikio cha ulimi, au kishikio chenye pini ya mraba inayoingia ndani ya bawa na kuzungusha mtambo uliofichwa humo. Ninaposema bawa nina maana ya ile sehemu inayofunguka.

Luva, yale madirisha ya vipande vya vioo vinavyolala na kuinuka, naziacha. Mkono wake umeungana na klipu zinazoshika vioo, kazi yake ni nyingine kabisa.

Hatua ya 2: Tafuta kilichokiua cha zamani

Kabla hujagusa skrubu, kitazame kishikio kwa makini. Unga mweupe maana yake aluminiamu au zinki imeliwa. Kutu ya kahawia ni chuma. Ukijani ni shaba. Vishikio vingi vya bei ndogo vinavyong'aa dukani ni vya zinki iliyopakwa kromiamu juu. Tabaka lile likishapata mkwaruzo mmoja, hewa ya chumvi inapenya chini yake na kuila zinki huku juu pakionekana pazima, hadi siku linapotoa malengelenge na kubanduka.

Angalia pia kimekatikia wapi. Kikikatika shingoni, pale mkono unapoungana na kitako, kimelazimishwa. Kiking'oka kizima na skrubu zake, tatizo liko kwenye matundu. Kikiwa kizima lakini kizito kuzunguka, ni mchanga, kutu, au rangi iliyopakwa juu yake mwaka hadi mwaka bila kukitoa.

Sasa fanya jaribio hili, usiliruke. Fungua dirisha, kisha lifunge taratibu kwa kulisukuma kwa kiganja katikati, bila kugusa kishikio. Likikaa sawa pande zote, bawaba ni nzima. Kona ya chini ikigonga fremu kabla ya nyingine, dirisha limeshuka. Kishikio cha dirisha lililoshuka hufanya kazi mbili: kufunga, na kulinyanyua bawa zima kila jioni. Hakikutengenezwa kubeba uzito huo. Hata ukinunua cha bei kubwa kuliko vyote mjini, kitakatika shingoni.

Kwa hiyo rekebisha bawaba kwanza. Kwenye mbao, mara nyingi ni skrubu zilizolegea. Kwenye aluminiamu ya kufungukia nje, bawa hushikwa na mikono miwili ya bati yenye kiteleza, na kwetu huku mchanga hujaa kwenye reli yake. Utoe kwa mswaki mkavu, kisha kaza skrubu ndogo ya kiteleza mpaka bawa libaki pale ulipoliacha. Riveti za mikono hiyo zikiwa zinacheza, ibadilishe yote miwili. Kwenye chuma, toa rangi iliyoganda kwenye bawaba, tia mafuta, fungua na kufunga mpaka ilainike.

Dirisha la mbao lina jambo lake. Mvua zetu huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili, na mbao huvimba. Likigoma kufunga mwezi wa Februari, usiwe mwepesi wa kuliranda. Ikija kiangazi na upepo wa kusi, mbao itasinyaa na utabaki na upenyo wa kupitisha vumbi na mbu.

Hatua ya 3: Toa cha zamani

Fanya kazi asubuhi, upepo ukiwa bado mdogo. Dirisha la kufungukia nje lifunge kwa kamba kwenye grili kabla hujafungua skrubu ya kwanza, hasa ghorofani. Bawa lisilo na kishikio likichukuliwa na upepo linaondoka na kioo, na chini kunaweza kuwa na watoto.

Skrubu iliyoganda usiipigie nguvu. Itie mafuta ya kulegeza kutu, iache nusu saa, kisha bonyeza bisibisi inayoijaa vizuri na ugonge kitako chake kwa nyundo mara mbili tatu. Ikaze kidogo kwanza, ndipo ulegeze. Kule kukaza kunavunja kutu iliyoishika. Kama kishikio kimefungwa kwa riveti, toboa kichwa cha riveti kwa keekee yenye unene sawa na mwili wake (za kawaida ni milimita 3.2, 4 au 4.8), kisha sukuma kilichobaki kwa ndani.

Ukishakitoa, safisha pale kilipokaa. Kwenye chuma, piga brashi ya waya mpaka uone chuma cheupe, paka rangi ya kuzuia kutu na uiache ikauke kabisa. Kishikio kipya juu ya kutu ya zamani hakikai.

Hatua ya 4: Pima

Pima kutoka katikati ya tundu la skrubu hadi katikati ya tundu la pili, wala si ukingo hadi ukingo. Kwenye vishikio vya pini ya mraba, kipimo kinachokutwa sana ni milimita 43, na pini yenyewe ina upana wa milimita 7. Kisha pima urefu wa pini kuanzia kitako. Ikiwa fupi haifiki kwenye mtambo; ikiwa ndefu kishikio kinabaki kimeinuka. Ndefu si tatizo kubwa, unaikata kwa msumeno wa chuma na kulainisha ncha kwa tupa.

Kishikio cha ulimi kinahitaji kipimo kingine: kimo kutoka chini ya kitako hadi upande wa chini wa ulimi. Tofauti ya milimita chache tu inatosha kuufanya ulimi usikamate au usipite kabisa. Angalia pia ni cha kulia au cha kushoto. Simama ndani ya nyumba, tazama bawaba ziko upande gani, andika.

Kwa loki ya kubonyeza, pima urefu na upana wa tundu lililokatwa kwenye aluminiamu. Kwa nusu mwezi, pima matundu na kimo cha ndoano.

Halafu kuna kipimo ambacho hata mafundi hukisahau: grili. Dirisha likifungukia nje, nondo zinakuwa ndani, na mkono wako unapita katikati yake kukifikia kishikio. Pima nafasi kati ya bawa na nondo, kisha tazama kishikio kikizunguka mkono wake utapita wapi. Mkono mrefu utagonga nondo kabla haujafunguka robo duara, na hapo mwenye nyumba huanza kuukunja kwa nguvu. Usalama wa watu nao umo humuhumu. Moto ukitokea, kila mtu mzima wa nyumba hiyo anatakiwa aweze kulifungua dirisha hilo gizani. Kishikio chenye ufunguo kikifungwa na ufunguo ukawekwa chumba kingine, hewa ya kupumua na sauti ya kuita msaada vyote vimezuiwa.

Ukienda dukani, nenda na kile cha zamani mkononi, hata kama ni vipande. Muuzaji akishakiona hamtapotezeana muda.

Hatua ya 5: Chagua madini

Umbo chagua upendavyo. Madini yachague kwa kufuata nyumba ilipo.

Beba sumaku ndogo. Ikinata kwa nguvu, hicho ni chuma kilichopakwa kitu, na ufukweni kiache. Isiponata, kinaweza kuwa stenlesi, shaba, aluminiamu au zinki, na hapo uzito na upande wa chini wa kitako vitakusaidia: kitako chepesi ni aluminiamu, kitako kizito cha kijivu kisichong'aa, kilichomiminwa kwenye kalibu, kwa kawaida ni zinki.

Stenlesi nazo hazifanani. Daraja la 304 ndilo linaloenea madukani. Daraja la 316 limeongezwa madini ya molibdenamu, na hiyo ndiyo inayoisaidia kuhimili chumvi. Kwenye vichwa vya skrubu utasoma A2 kwa kundi la 304 na A4 kwa kundi la 316. Nyumba ikiwa Shangani, Mikindani, Kilwa Masoko au kando ya ghuba ya Lindi, tafuta A4 hata ikibidi kuagiza Dar es Salaam. Ikiwa Newala juu ya uwanda wa Makonde, au Masasi, 304 au aluminiamu iliyopakwa rangi ya unga inatosha, hakuna haja ya kulipia zaidi.

Skrubu ni muhimu sawa na kishikio chenyewe, na ndizo watu huzifanyia ubahili. Kamwe usifunge skrubu ya shaba kwenye aluminiamu. Madini hayo mawili yakikutana penye unyevu wa chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa, na tundu linapanuka mpaka skrubu inatoka kwa vidole. Shaba iache kwa mbao. Kwenye mninga au mkongo hukaa vizuri sana.

Hatua ya 6: Funga

*Mbao.* Tundu lililolegea lijaze kwa vijiti vya mbao ngumu vilivyopakwa gundi ya mbao, acha ikauke hadi kesho yake, kata sawasawa na uso. Toboa tundu dogo kwanza. Kwa skrubu ya milimita 4 kwenye mbao ngumu, keekee ya milimita 3 inafaa. Shaba ni laini na hukatika kichwa, kwa hiyo ingiza kwanza skrubu ya chuma ya ukubwa uleule ikate njia, itoe, ndipo uingize ya shaba ikiwa imepakwa nta ya mshumaa. Sabuni usitumie, inavuta unyevu.

*Aluminiamu.* Chini ya kitako weka kipande chembamba cha mpira au plastiki, na kwenye nyuzi za skrubu paka vaselini kidogo, ili madini yasigusane moja kwa moja penye maji. Kaza kwa mkono, acha mashine. Nyuzi zikiwa zimekwisha, weka nati ya riveti (nati inayobanwa ndani ya tundu) kuliko kulazimisha skrubu nene. Kwa kishikio cha pini, hakikisha mtambo wa ndani na kishikio vyote viko katika hali moja, wazi au kufungwa, kabla hujaingiza pini. Skrubu zake kwa kawaida hujificha chini ya kifuniko cha kitako. Kiinue kidogo, kizungushe robo, utaziona.

*Chuma.* Tundu jipya la skrubu ya M5 (unene wa milimita 5) litoboe kwa milimita 4.2, kisha kata nyuzi. Dirisha la zamani linaweza kuwa na nyuzi za inchi. Skrubu ikigoma baada ya mzunguko mmoja, simama. Paka rangi kabla ya kufunga kishikio, usipake juu yake.

Hatua ya 7: Jaribu

Chukua ukanda wa karatasi, uweke kati ya bawa na fremu, funga dirisha, kisha uvute. Rudia pande zote nne. Ukanda ukitoka bila kukwama, hapo pamebaki wazi. Karibu na kishikio, sogeza kibati kinachopokea ulimi au kiongezee shimu, yaani kipande chembamba cha kujazia chini yake, mpaka karatasi ikamatwe. Kufunga kuwe kwa nguvu ya vidole vitatu.

Jaribio hili lifanye hata kama dirisha linaonekana limefunga. Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu Mei 2024, tahadhari za upepo mkali zilihusu Lindi na Mtwara pia, na Kenneth alikuwa ametutisha Aprili 2019. Bawa linalocheza milimita mbili hutikiswa usiku kucha, na kila mtikiso unaishia kwenye kishikio.

Baada ya hapo, mara moja kwa mwezi futa vishikio vya upande wa bahari kwa kitambaa chenye maji baridi ya bomba, kisha kikavu. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye mzunguko linatosha. Grisi nzito usipake, inashika mchanga. Na kama ulinunua skrubu mbili tatu za ziada za aina ileile, zifunge kwenye mfuko pamoja na karatasi yenye vipimo vyako, uziweke kwenye droo ya vifaa.