Kufua na Kupiga Pasi Kazi ya Kudarizi Kabla ya Kuitia Fremu

Kitambaa kinachodariziwa kwa mkono hukaa mikononi mwa mdarizi wiki nyingi, pengine miezi, na muda wote huo hunyonya jasho na mafuta ya ngozi hata kama mwenyewe alinawa kila alipokishika. Mafuta hayo hayaonekani siku kazi inapokamilika. Hujitokeza baadaye kama madoa ya manjano, kitambaa kikiwa tayari nyuma ya kioo. Kwa sababu hiyo, kazi ya nyuzi za pamba juu ya kitambaa cha pamba au kitani inafaa ifuliwe hata ikionekana safi, tena ifuliwe kabla haijaguswa na pasi, kwa kuwa joto hulifanya doa ling'ang'anie. Kazi ya hariri, sufu au nyuzi za dhahabu isitiwe majini. Iondolewe vumbi kwa brashi laini tu.

Kwanza hakikisha kama nyuzi zinachuja rangi. Lowanisha kitambaa cheupe, ukikandamize upande wa nyuma juu ya nyuzi nyekundu, nyeusi na za buluu iliyokoza, ambazo ndizo zenye tabia hiyo zaidi. Kikitoka na rangi, usiiloweke kazi hiyo. Kama mchoro ulichorwa kwa kalamu ya wino unaotoka kwa maji, uondoe kwanza kwa maji baridi matupu, bila sabuni, maana wino ukishapata joto huenda usitoke tena.

Kwa kufulia, tumia beseni jeupe ili uone mara moja rangi ikianza kutoka, maji baridi au ya uvuguvugu, na matone machache ya sabuni ya maji isiyo kali. Sabuni ya unga mara nyingi huwa na dawa ya kung'arisha inayoweza kubadilisha kitambaa cha rangi ya maziwa, na dawa ya madoa yenye klorini hudhoofisha pamba na kupausha nyuzi. Acha kazi ilowe kwa dakika 10 hadi 15, ukiikandamiza kwa viganja bila kuisugua, kwa kuwa kusugua huamsha manyoya ya uzi na mishono hupoteza mng'ao wake. Palipobanwa na ringi la kudarizia ndipo panapohitaji uangalifu zaidi, kwani uchafu hukusanyika kwenye alama ile ya duara. Suuza hadi povu liishe kabisa. Mahali ambapo maji ya kisima ni ya chumvi au yana kutu, ni vyema maji ya mwisho ya kusuuzia yawe ya mvua au yaliyochujwa.

Rangi ikichuja ukiwa katikati ya kufua, usiitoe kazi majini wala usiiache ikauke. Endelea kubadilisha maji baridi, hata kwa saa kadhaa, hadi yabaki meupe. Rangi iliyosambaa bado inaweza kuondoka ikiwa mbichi, lakini ikishakauka ni vigumu mno kuiondoa.

Usiikamue wala kuianika kwa vibanio kwenye kamba, kwa sababu uzito wa maji huvuta kitambaa upande. Itandaze juu ya taulo safi jeupe, ukunje taulo pamoja nayo kama mkeka, kisha ukandamize.

Piga pasi ikiwa bado na unyevu. Kunja taulo nene mara mbili, laza kazi kifudifudi juu yake, halafu uifunike kwa kitambaa chembamba cha pamba. Mishono huzama katika manyoya ya taulo na kubaki imeinuka, jambo ambalo ni muhimu hasa kwa vifundo na maua ya kujaza. Pasi ishushwe na kuinuliwa, isiburutwe, kwani kuburuta hupinda nyuzi za kitambaa na mishono ya msalaba ikakaa mshazari. Anayetumia pasi ya mkaa aipanguse vizuri chini na kuijaribu kwanza kwenye kitambaa kingine, maana chembe moja ya jivu au cheche hutosha kuharibu kazi yote. Wanga usitiwe: kofia ya mkono huuhitaji ili isimame, lakini ndani ya fremu huvutia wadudu.

Iache imelala mahali penye kivuli na hewa kwa siku nzima au zaidi, hasa pwani wakati wa masika, kwa sababu unyevu ukifungiwa nyuma ya kioo huzaa ukungu. Ukiipeleka kwa fundi wa fremu, izungushe kwenye bomba la karatasi ngumu lililofunikwa kitambaa cheupe badala ya kuikunja, na umwombe aishone kwa uzi kwenye ubao wa nyuma pasipo gundi, na aache nafasi kati ya mishono na kioo.