Mdahalo: Marekani imezijenga serikali za Kiarabu kwa kiasi gani? Namna ya kupanga hoja

Mada hii huharibikia kwenye kitenzi. Kabla ya kutafuta ushahidi, kubalianeni: mnazungumzia kuunda serikali, kuitegemeza au kuiangusha? Ushahidi wa jambo moja hauthibitishi jingine, na mpinzani makini atakubana hapo hapo.

Anayeunga mkono aanze na Iraq ya 2003, maana huko hakuna kukisia. Mei mwaka huo Paul Bremer, msimamizi aliyewekwa na Marekani, alitoa Amri Namba 1 iliyowaondoa vigogo wa Baath, chama cha Saddam Hussein aliyekuwa ameangushwa, katika utumishi wa umma, kisha Amri Namba 2 iliyolivunja jeshi. Zitaje kwa namba zake. "Marekani iliharibu Iraq" ni kelele, si hoja. Baadaye nenda Misri: tangu 1987 imekuwa ikitengewa takribani dola bilioni 1.3 za msaada wa kijeshi kila mwaka. Huko ni kutegemeza tu. Utawala wa kijeshi wenyewe ulianzishwa na maofisa wa Misri waliompindua Mfalme Farouk mwaka 1952.

Anayepinga ana silaha nzuri kuliko wengi wanavyodhani: marafiki wa Washington walioanguka. Ufalme wa Iraq, mwanachama wa Mkataba wa Baghdad (muungano wa ulinzi ulioungwa mkono na Marekani), ulipinduliwa Julai 1958. Mwaka 1969 Gaddafi alimwondoa Mfalme Idris wa Libya huku Wamarekani wakiwa bado katika kambi ya anga ya Wheelus, karibu na Tripoli. Rais Mubarak wa Misri aliondoka Februari 2011, na ule msaada wote haukumwokoa.

Makosa mawili hupoteza alama nyingi. La kwanza ni kutumia mapinduzi ya Iran ya 1953; Iran si nchi ya Kiarabu. La pili ni kuibebesha Marekani mipaka na viti vya enzi vilivyowekwa na wengine: Sykes-Picot ya 1916, mapatano ya kugawana Mashariki ya Kati, ilikuwa ya Uingereza na Ufaransa, na Mfalme Faisal wa Iraq alisimikwa Baghdad na Waingereza mwaka 1921. Mapinduzi ya Syria ya 1949 yaacheni pembeni, kwa kuwa mchango wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, bado unabishaniwa.

Mkitupiwa swali la Saudi Arabia, kubalini kwamba ufalme ulitangazwa 1932, kabla Rais Roosevelt wa Marekani hajakutana na Mfalme Abdulaziz mwaka 1945. Kisha hamieni Kuwait: Februari 1991 majeshi yaliyoongozwa na Marekani yaliwafukuza askari wa Saddam, na ukoo wa Al-Sabah ukarudi madarakani.