Umehamia nyumba mpya? Badilisha silinda ya mlango kabla ya kupanga vyombo

Ukikabidhiwa funguo za nyumba, hata wakikuapia kwamba ndo zote hizi tatu, we jua kuna nyingine huko nje. Manake aliyekaa kabla yako alimchongeshea mdogo wake, fundi rangi alipewa moja, dada wa kazi naye alikuwa na yake, na labda hakuna hata mmoja mwenye nia mbaya ila mlango wako unafunguka kwa watu usiowajua. Hili jambo mi silichukulii poa kabisa. Na wala huhitaji kung'oa kitasa kizima, unabadilisha ile sehemu inapoingia ufunguo tu, yaani silinda.

Anza kuangalia ufunguo. Ukiwa bapa, una meno juu au vishimo ubavuni, hiyo ni silinda ya pini, ndo ileile aliyoisajili Linus Yale Jr. kule Marekani mwaka 1861 na mpaka leo tunaitumia. Ukiwa mrefu, shina la duara na kibendera mwishoni, hicho kitasa hakina silinda, we nunua kingine cha saizi hiyohiyo yaishe.

Sasa kuitoa. Mlango uwe wazi muda wote. Kwenye ubavu wa mlango, pale ulimi wa kitasa unapotokea, kuna bati refu, na usawa wa tundu la ufunguo kuna skrubu moja ndefu. Itoe yote. Alafu ingiza ufunguo, uzungushe kidogo sana huku unaivuta silinda polepole. Itakugomea mwanzoni, kwa sababu katikati ina kikucha kinachosukuma ulimi na mpaka kikucha hicho kilale sawasawa na mwili wa silinda ndo itapita, kwahiyo zungusha kushoto kidogo, kulia kidogo, utaisikia inaachia. Usichukue nyundo hapa tafadhali, ukipiga unaua kitasa chote.

Kabla ya kwenda dukani pima, na hapa ndo watu wanakosea sana: usipime urefu wote tu, pima kutoka katikati ya tundu la skrubu mpaka kila mwisho, manake milango mingi pande hazilingani, unaweza kukuta 30 kwa 40 milimita, ukinunua 35 kwa 35 jumla ni ileile lakini haikai. Tena bora uende na ya zamani mkononi. Silinda isitokeze nje zaidi ya milimita 3 kupita bati la mkono wa mlango, ikitokeza mwizi anaibana na koleo anaivunja palepale kwenye tundu la skrubu, ndo pembamba kuliko kote. Zipo zilizowekewa mkato kwa mbele, zikilazimishwa kinakatika kipande cha mbele tu na mlango unabaki umefungwa. Ukiweza chukua hiyo.

Kuna wanaobadilisha pini badala ya silinda. Ndani kuna vitundu 5 au 6, kila kimoja kina springi, pini ya juu na pini ya chini, na ufunguo sahihi unazinyanyua mpaka maungio yake yanakuwa mstari mmoja na ukingo wa kiini, yaani ile sehemu ya silinda inayozunguka na ufunguo, hapo ndo kiini kinazunguka. Unatoa kiini huku unakifuata nyuma na kijiti cha unene uleule, ukiacha nafasi hata ndogo springi zinaruka zote. Unaingiza ufunguo mpya na kupanga pini za chini mpaka zilingane na uso wa kiini. Inawezekana, ila kama ni mlango mmoja tu mpe fundi vitasa au nunua silinda.

Alafu fremu. Mlango ukipigwa teke, mara nyingi kinachoachia ni mbao ya fremu, kitasa kinabaki kizima kabisa, sababu lile bati linalopokea ulimi limeshikwa na skrubu fupi za kubania mapambo. Zitoe, weka za milimita 75 zipite fremu zishike mpaka ukutani, kama ukuta ni wa tofali weka na plagi zake, vile vya plastiki vya kushikia skrubu ukutani. Fanya hivyo na kwenye bawaba. Na kwa ndani chagua silinda yenye kitufe cha kuzungusha, kama hakuna kioo karibu ambacho mtu anaweza kuvunja akapenyeza mkono, manake moto ukitokea usiku hakuna muda wa kutafuta ufunguo gizani na watoto wanalia.

Ukimaliza, ile skrubu ndefu ya silinda usiikaze kwa nguvu, silinda inabanwa na ufunguo unakuwa mgumu. Mafuta ya kupikia usiweke, yananasa vumbi, tumia unga wa grafiti. Jaribu funguo zote mlango ukiwa wazi kwanza, ndo uufunge ujaribu tena. Ikikwama ukiwa umefungwa tu, shida ni bati la fremu halijakaa usawa wa ulimi, lisogeze.