Jinsi ya Kulinda Usalama wa Wazee katika Nyumba Ndogo ya Matunzo

Nyumba yenye wazee wanane na wahudumu watano ina faida ambayo makazi makubwa hayana: kila mhudumu anaweza kumjua kila mzee kwa jina, kwa tabia na kwa mwendo wake. Hatari yake inatoka hapo hapo, kwa sababu watu waliozoeana huona hakuna haja ya kuandika, na siku mhudumu mzoefu anapopata udhuru, yote aliyoyajua huondoka naye. Kwa hiyo msimamizi anayetaka kuboresha huduma aanze na daftari la makabidhiano ya zamu, kabla hata ya kufikiria vitanda vipya au rangi ya ukuta.

Maneno “wazee wote wako salama” hayamsaidii anayeingia zamu. Kinachomsaidia ni kusoma kwamba bibi wa chumba cha tatu amekunywa nusu kikombe cha uji, hajakojoa tangu saa tisa usiku, na tangu alfajiri anaongea mambo yasiyoeleweka. Mzee anayechanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, hajazeeka ghafla wala hajarogwa. Mara nyingi ana maambukizi ya njia ya mkojo au ya mapafu, malaria, upungufu wa maji au sukari iliyoshuka, na anatakiwa kupimwa siku hiyo hiyo. Makabidhiano yafanyike kwa kutembea kitanda kwa kitanda, anayetoka na anayeingia zamu wote wawili wakiwa wamesimama mbele ya mzee na kumsalimu, naye apewe nafasi ya kusema usiku wake ulikuwaje.

Upande wa dawa ndio unaonitia wasiwasi kuliko mengine. Katika nyumba moja niliyowahi kufanya kazi, wahudumu walikuwa wakitia saini kwenye kadi wakati wa kupanga vidonge kwenye vikombe. Siku tulipogeuza godoro la babu mmoja mwenye presha tulikuta vidonge kumi na kimoja vimejipanga kando ya ukuta, vingine vimeshaanza kuyeyuka kwa unyevu. Kadi ilionyesha kwamba amevimeza vyote, na daktari, kwa kuiamini kadi hiyo, alikuwa ameshamwongezea dozi. Tangu hapo nashikilia utaratibu mmoja: mhudumu ampe dawa mzee mmoja kwa wakati mmoja, akiwa ameketi, alinganishe jina, dawa, kipimo, saa na njia ya kutumia, amwone akimeza, kisha ndipo atie saini. Akikataa, iandikwe kwamba amekataa, na sababu yake iandikwe.

Wenye kisukari wanahitaji uangalifu wa ziada. Glibenklamidi, kidonge cha kisukari, hushusha sukari kwa muda mrefu, na mzee aliyeshindwa kula asipewe kwa mazoea tu. Mhudumu amuulize kwanza tabibu. Mzee akianza kutoka jasho jembamba, kutetemeka au kuzubaa, apimwe sukari mara moja. Ikiwa imeshuka na bado anameza vizuri, apewe maji yenye vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari, apimwe tena baada ya dakika 15, na sukari ikishapanda apewe chakula. Aliyepoteza fahamu asitiwe chochote mdomoni, bali akimbizwe hospitali. Dawa ambazo ndugu huleta kutoka duka la dawa, hasa diklofenaki ya maumivu ya magoti, zipitie kwa msimamizi kwanza, kwa kuwa zinaweza kupandisha presha na kuumiza figo.

Vidonda vya kulalia huanza pale mfupa unapokaribiana na ngozi: visigino, nyonga, viwiko na juu kidogo ya makalio. Mafunzo mengi husema tutafute wekundu usiopotea ukibonyezwa, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, na anayeusubiri atakuja kuona kidonda kilichokwisha kufunguka. Tumia mkono. Gusa kisigino cha kulia kwa upande wa nyuma wa vidole, kisha cha kushoto, ukitafuta tofauti: mahali penye joto au ubaridi zaidi, pagumu kuliko pembeni yake, au palipolegea kama nyanya iliyoiva kupita kiasi. Angalia pia rangi iliyokoza au ya zambarau, mchana kwenye mwanga wa dirisha. Kuchua kwa mafuta ya nazi ni desturi yenye nia njema, lakini kusugua mahali palipokwisha kuumia huzidisha madhara. Mzee asiyejigeuza ageuzwe, kwa kawaida kila baada ya saa mbili, na mto uwekwe chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee bila kugusa godoro.

Wazee wengi huanguka wakiwa njiani kwenda chooni usiku. Taa ndogo iwake njia nzima, ndoo na viatu viondolewe, na anayetumia dawa za presha akae ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili kabla ya kusimama. Kumfunga kitandani ili asianguke ni ukatili, na tena akijaribu kujinasua huweza kuumia vibaya zaidi. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani hata wakati wa baridi kali, kwani hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.

Chakula kinahitaji subira zaidi ya ufundi: mzee aketi wima, alishwe kidogo kidogo, na asilazwe mpaka ipite nusu saa. Maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko kabla hajaguswa, kwa sababu ngozi ya uzeeni huungua upesi.

Heshima nayo ni sehemu ya usalama, maana mzee anayedharauliwa hunyamaza hata akiwa na maumivu. Piga hodi, sema shikamoo kabla ya kufunua shuka, na mwogeshe kwa kumfunika sehemu usiyoiosha. Kama inawezekana, bibi aogeshwe na mwanamke. Fedha za kila mzee ziwe na daftari lake. Zanzibar imekuwa ikilipa pensheni ya wazee wa miaka 70 na zaidi tangu mwaka 2016, na nchini Kenya mpango wa Inua Jamii huwapa wa umri huo shilingi 2,000 kwa mwezi. Kila senti inayopokelewa kwa niaba ya mzee iandikwe mbele ya shahidi, na mzee mwenyewe aweke saini au dole gumba.

Kosa likitokea, familia iambiwe siku hiyo hiyo, na tukio liandikwe na aliyeliona. Mhudumu anayejitokeza kusema “nimempa dawa ya mwenzake” asifokewe mbele ya wenzake, kwani siku ya pili hakuna atakayesema. Swali la kuuliza ni nini kilichomfikisha hapo: vikombe vilivyofanana, zamu ya saa 16, au taa iliyoungua.

Mara moja kwa mwezi, msimamizi afike saa kumi alfajiri bila kutoa taarifa. Aangalie kama mhudumu yuko macho na kama maji ya kunywa yako mahali ambapo mkono wa mzee unafika. Apeleke pua karibu na shuka. Kisha afungue daftari na kusoma kilichoandikwa kuhusu usiku huo, akiwa amesimama kando ya kitanda cha mzee anayehusika.