Kabla ya kutoka Mwanza kwenda Musoma kwa pikipiki

Oili, taa, breki, leseni, bima: hayo huna haja ya kukumbushwa. Yakague jioni ya kuamkia safari, maana saa kumi na moja alfajiri maduka ya spea bado yamefungwa.

Cheni ibonyeze katikati, upande wa chini. Icheze milimita 20 hadi 30. Ukiikaza kama waya wa gitaa, itakatika abiria na mzigo vikishakaa. Beba kiungo kimoja cha akiba na klipu yake. Pikipiki nyingi za cc 125 na 150 hutumia cheni namba 428. Mdomo wazi wa klipu uelekee kinyume na mwendo wa cheni, la sivyo jiwe moja tu linaing'oa.

Plagi mpya moja na spana yake. Waya wa klachi mmoja.

Petroli jaza kituoni. Ya kwenye chupa za maji njiani mara nyingine ina maji kweli, nayo hutuama chini ya kabureta: injini inakohoa, inazima, inawaka, inazima tena. Funga koki ya petroli, legeza skrubu iliyo chini kabisa ya kabureta, mwaga kilichomo, kaza, fungua koki.

Sasa tairi la nyuma. Hilo ndilo linalowalaza watu Lamadi, mji mdogo wa njiani. Tyubu wengi wanayo. Kinachowashinda ni nati ya ekseli. Fundi aliikaza kwa bomba refu, wewe una kaspana kafupi kalikokuja na pikipiki. Ifungue nyumbani kwanza. Ikikushinda uani kwako, barabarani itakushinda zaidi.

Namba ya tyubu isome ubavuni mwa tairi, usikadirie. Iliyoandikwa 2.75/3.00-17 huingia mbele na nyuma kwa pikipiki nyingi za rimu 17. Rimu 18 haihusiki hapo. Ongeza pampu, vyuma viwili vya kubandulia tairi, viraka, solusheni na msasa.

Ukishatoa tyubu, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi mzunguko mzima. Mwiba wa mgunga hukatikia humo, na nje huoni kitu. Ukiuacha, tyubu mpya haifiki mbali. Jaza upepo kidogo tu, tyubu ipate umbo, ndipo uiingize. Anza kurudisha tairi upande ulio mkabala na valvu, umalizie kwenye valvu, ukiisukuma valvu ndani kabla ya kuingiza ukingo wa mwisho wa tairi kwa chuma. Ukianza na valvu, tyubu hubanwa kati ya chuma na rimu. Hapo umeziba pancha moja, umetoboa mbili.

Psi 28 hadi 32 nyuma, kwa kadiri ya mzigo. Usiendeshe upepo ukiwa mdogo "mpaka pale mbele": tairi hutelezea kwenye rimu, linavuta tyubu, valvu inang'oka shinani. Hapo hakuna kiraka.

Simu iwe na chaji. Maji ya kunywa, koti la mvua. Ukiharibikiwa, toka kabisa kwenye lami, weka matawi nyuma, na abiria asikae ukingoni kupiga soga. Giza likikukuta kati ya Lamadi na Bunda, karibu na mpaka wa Hifadhi ya Serengeti, usisukume pikipiki kutafuta fundi. Simamisha lori, patana bei kabla ya kupakia, funga koki ya petroli, na kamba zishike pikipiki wima pande zote mbili.