Mgeni asije akakuponza: makosa ya uhamiaji kwa wenyeji wa Arusha na Moshi

Si kila anayeingia matatani na Uhamiaji huku kwetu alipita njia za panya. Wengi hushuka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) mchana kweupe, wakalipia visa ya kawaida, dola 50, kisha Jumatatu wako darasani kwenye kituo cha watoto wanafundisha Kiingereza. Kosa limeanzia hapo. Visa ile ni ya kutembea, na kutolipwa mshahara si kinga: anayejitolea anatakiwa awe na kibali cha ukaazi daraja C.

Mgeni aliyeajiriwa ana kazi zaidi. Kibali cha kazi hutoka kwa Kamishna wa Kazi, cha ukaazi daraja B hutoka Uhamiaji, na kimoja hakifuti kingine. Kampuni za utalii hunaswa sana kwenye jina la mwajiri. Kibali kinamtaja, kwa hiyo ukimchukua meneja wa kambi ya jirani na makaratasi yake ya zamani, mmekosea nyote wawili.

Mgeni akifika, omba pasipoti. Usiishie kwenye visa, tafuta muhuri wa kuingilia na siku alizopewa, kisha hesabu kwenye kalenda. Wanaosema "miezi mitatu" ndio huzidisha. Aliyeingia Julai 1 kwa siku 90, ukianza na siku ya kuingia, anamaliza Septemba 28. Piga kopi ya ukurasa huo na wa picha, uweke kwenye faili.

Mkenya hahitaji visa, lakini mpaka anao. Apite Namanga, Holili au Tarakea, agongewe muhuri. Undugu wa Rombo na Taveta haugongi muhuri.

Kumhifadhi mtu unayejua yupo nchini kinyume cha sheria nako ni kosa, sawa na kusema uongo kwenye fomu au kutumia muhuri wa kughushi. Adhabu ni faini, kifungo au vyote viwili, na mgeni anaweza kuondoshwa nchini. Ndiyo maana vishoka, yaani mawakala wasio rasmi, ni hatari: kibali feki kikikamatwa, wao hawapo, jina lililoandikwa ni lako. Omba kibali mwenyewe mtandaoni, ulipe kwa namba ya malipo ya serikali, kamwe si kwa simu ya mtu.

Siku alizopewa mgeni zikishapita, msisubiri safari ya kurudi. Nendeni ofisi ya Uhamiaji ya mkoa na pasipoti na tiketi, kabla hamjafuatwa. Akishafunguliwa kesi, tafuta wakili kabla hajaandika maelezo yoyote.