Tumia usimbaji wa Manchester kwenye rimoti ya megahezi 433

Rimoti niliyoiunda kwa Arduino (bodi ndogo ya kielektroniki inayoandikiwa programu) na vile vipande vya redio vya megahezi 433 imeacha kupoteza amri, na nilichobadilisha ni mpangilio wa biti peke yake. Usitume biti (zile 0 na 1 za ujumbe) zikiwa ghafi, yaani 1 kuwasha mawimbi na 0 kuyazima. Zitume kwa usimbaji wa Manchester, ambamo 0 ni mawimbi kushuka kutoka juu kwenda chini katikati ya biti na 1 ni kupanda, kisha tanguliza baiti nne za 10101010 kabla ya ujumbe wenyewe. Risiva hizi za bei nafuu hujiongezea usikivu pale mawimbi yanapokosekana, ndiyo maana pini ya data hucharuka kwa kelele hata rimoti ikiwa imezimwa, na hutofautisha 0 na 1 kwa kulinganisha na wastani wa mawimbi yaliyopita punde. Baiti 00000000 ikitumwa ghafi ni ukimya mtupu: wastani huporomoka na kelele husomwa kama data. Kwa Manchester, kila biti huwa juu nusu ya muda wake na chini nusu nyingine, hivyo wastani hautikisiki, nazo baiti za utangulizi huipa risiva nafasi ya kutulia. Kasi hupungua kwa nusu, jambo lisilo na uzito kwa swichi ya taa.

Mbinu hii hukwama ikiwa rimoti ni ATtiny85, chipu ndogo inayoandikiwa programu, inayotumia saa yake ya ndani, ambayo kosa lake laweza kufikia asilimia 10, huku programu ya risiva ikisubiri mapigo ya upana usiobadilika; ifanye kwanza ipime mapigo ya utangulizi. Wala si ulinzi, kwa kuwa ujumbe usiobadilika hurekodiwa na kurudiwa kwa urahisi, kwa hiyo tafadhali usifungulie geti kwa njia hii.